Nukta na Zebaki ya Wenzetu

Mwanamke huyu tulimwita Nukta, na hakuwahi kukasirika kuitwa hivyo. Jina lilianza siku aliyorudisha ripoti nzima ya kurasa arobaini kwa sababu katika ukurasa wa thelathini na moja nukta ya desimali ilikuwa imekaa nafasi moja pembeni. Mkuu wa maabara wa wakati huo, mtu mzima mwenye mvi, akamwambia, "Ni nukta tu, binti yangu." Naye akajibu, "Kwa nukta hiyo kuna mtu atakunywa maji ambayo hakupaswa kuyanywa." Toka hapo hakuitwa jina jingine kazini. Hata mume wake akipiga simu mapokezi husema, naomba Nukta.

Mimi ni karani wa mapokezi ya sampuli katika maabara hiyo. Watu wakiniona na koti jeupe wanadhani nami ni mtaalamu, na mimi huwa siwakatalii. Ukweli ni kwamba kazi yangu ni kupokea udongo, maji na matope ya watu, kuyapa namba, kuyaandika kwenye daftari kubwa na kwenye kompyuta, kisha jioni kuyaandaa ili Nukta akifika asubuhi ayakute tayari. Kemia siijui. Nimekaa nayo nyumba moja miaka kumi na tisa kama mtu anavyokaa na shemeji asiyependa maneno: tunasalimiana, basi.

Nukta ni mfupi, mnene kidogo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba, na anavaa viatu vya raba ambavyo humsikii akija. Ndiyo maana katika jengo lile hakuna mtu anayesengenya kwa raha. Chumba chake kiko mwisho wa korido. Kina meza ya saruji iliyopakwa rangi nyeupe, mizani iliyofunikwa kwa sanduku la kioo, na mashine ya kupimia zebaki iliyoletwa miaka minne iliyopita, ambayo hamruhusu mtu kuiegemea. Ukimpelekea sampuli yenye lebo iliyoandikwa kwa penseli, anakuangalia mpaka uombe msamaha mwenyewe. Mimi namtania, naye ananitania. Ananiita profesa wa gundi, kwa sababu ya lebo.

Ana mdogo wake wa kike, wameachiana ziwa, tunayemwita Mama Pacha. Kwa umbo huwezi kuwatofautisha, ila Mama Pacha anacheka na Nukta hesabu zinamshika mdomo. Mwaka ule mashine ilipofika, Mama Pacha alikuwa amepata kiwanja kizuri karibu na kijito, mahali ambapo zamani watu walikuwa wakisafisha dhahabu. Alitaka kujenga shule ya chekechea. Akaja mapokezi kwangu na udongo kwenye kopo la maziwa ya unga, akaniambia, "Mpe dada apime, mimi bila yeye sichimbi hata shimo la choo." Nikaupa namba, nikauandaa, Nukta akaupima kwa idhini ya Mkuu. Zebaki ilitoka nukta sabini, yaani miligramu nukta sabini kwa kila kilo ya udongo. Kikomo tulichowekewa kilikuwa moja. Nukta akampigia simu mdogo wake mbele yangu, akasema neno moja tu: "Jenga."

Mama Pacha akajenga. Ripoti akaitia kwenye fremu, akaitundika ofisini juu ya kiti chake, na kila mzazi aliyekuja kuandikisha mtoto alionyeshwa. Mwaka huu ninaoueleza shule ilikuwa na watoto sitini na wawili, wote wa umri ule ambao udongo ni kitu cha kula kama mkate.

Sasa, kila mwaka kuna kitu tunaletewa kinachoitwa chupa ya ulinganisho. Maabara moja ya nchi nyingine inachukua udongo, inausaga mpaka uwe kama poda ya mtoto, inauchanganya vizuri, inaujaza kwenye vichupa na kuvituma kwa maabara kumi na nane za nchi mbalimbali. Kila mmoja anapima kwake kimya kimya, anatuma majibu, halafu yanawekwa pamoja. Maabara zinapewa namba ili asiaibike mtu. Sisi ni Namba Kumi na Moja. Nukta alinieleza sababu yake zamani, nikaielewa siku hiyo hiyo: mito inavuka mipaka bila pasipoti, upepo nao vilevile, na kama sisi tukisema moja na jirani akasema mbili kuhusu matope yale yale, basi hakuna mtu wa kuaminiwa na mwenye kiwanda atacheka.

Kwenye ulinganisho huo Nukta alikuwa hodari. Risasi, zinki, shaba, vyote alikuwa akivipiga katikati. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mratibu wa ulinganisho aliongeza zebaki. Majibu yalipokuja kwa barua pepe niliyachapa mimi, kwa hiyo niliona kabla yake. Kulikuwa na mchoro wenye vitone kumi na nane. Kumi na saba vimejikusanya karibu na nukta tisini na mbili. Kimoja kiko chini peke yake, kwenye nukta hamsini na moja, kama mtoto aliyesimamishwa nje ya darasa. Nilitafuta namba yake huku nikiomba isiwe yetu.

Ilikuwa yetu. Barua ilisema tutaletewa chupa nyingine na kupewa wiki nane za kutafuta sababu. Tukishindwa, zebaki itafutwa kwenye orodha ya vitu tunavyoruhusiwa kupima.

Mkuu wetu wa sasa ni kijana wa tai, mwenye shahada nyingi na haraka nyingi. Aliusoma mchoro, akakuna kidevu. "Dada Nukta, wengi wape. Wote kumi na saba hawawezi kukosea."

"Wengi wakipotea njia moja bado wamepotea," Nukta akajibu. Lakini sauti haikuwa na nguvu. Alikaa na ile karatasi muda mrefu, kisha akanifuata mapokezi. Akafunga mlango.

"Karani, tuseme wao ndio wako sawa. Tuseme sisi tunasoma karibu nusu. Ule udongo wa mdogo wangu basi ni ngapi?"

Mimi hesabu za nusu nazijua. Nukta sabini mara mbili kasoro kitu inapita moja. Naye akaona usoni kwangu kwamba nimejua.

"Usimwambie mtu. Kwanza nijue," akasema. Kuanzia hapo ndipo maisha yake yalipovurugika, na yangu kidogo.

Chupa ya pili ilifika baada ya siku tisa. Kabla ya kuifungua alisafisha kila kitu. Aliagiza asidi mpya, akaosha vyombo mara tatu, akamwita fundi wa mashine aliyekaa siku nzima na bisibisi na kuondoka akisema mashine ni nzima kuliko yeye. Alijaribu mizani kwa vijiwe vya chuma vyenye uzito unaojulikana. Mizani haikudanganya. Alipima maji tunayotumia, hayakuwa na kitu. Kisha akanipa chupa, nikaandaa jioni kama ninavyoandaa siku zote, na asubuhi akapima.

Nukta arobaini na tisa.

Siwezi kueleza vizuri uso wake. Nimewahi kumwona mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango wake unafunguliwa na ufunguo wa jirani, ulikuwa hivyo. Akasema, "Mkono ni ule ule. Mashine ni ile ile. Risasi inakubali, zinki inakubali. Zebaki peke yake ndiyo inanikimbia." Akatuma kwa mratibu karatasi yetu ya hatua za upimaji, hatua kumi na nne zilizopigwa chapa, kila hatua na saini. Mratibu akajibu kwa adabu sana kwamba ameisoma yeye na wenzake wawili na hawakuona kosa lolote.

Ukiambiwa una kosa, utalitafuta. Ukiambiwa una kosa halafu ukaambiwa tena huna kosa, utakaa chini kwanza. Nukta alikaa.

Mara ya tatu ndiyo ilinihusu mimi, ingawa wakati huo sikujua. Nilikuwa na jino. Wiki nzima lilikuwa likinong'ona, na jioni ile likaamua kupiga kelele. Nilikuwa nimekwisha kumimina udongo wa chupa kwenye visahani vitatu vya kioo, nikavifunika, na pale pale shavu likanipiga mpaka macho yakajaa maji. Nikafunga ofisi nikaenda kwa daktari wa meno. Asubuhi nilipofika, ganzi haijaisha vizuri, nikavikuta visahani palepale kwenye rafu, juu ya daftari. Vilitakiwa vilale kwenye oveni.

Hapa lazima nieleze oveni. Iko nyuma ya meza yangu, kubwa kama kabati la nguo la mtoto. Udongo wote unaoingia kwetu unalala humo usiku kucha kwa nyuzi mia na tano, ukauke kabisa, halafu asubuhi naupooza kwenye mtungi wa kioo usioingiza unyevu. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Juu ya oveni kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Nukta mwenyewe, imegeuka rangi ya chai: UDONGO WOTE ULALE OVENI. Siku moja zamani nilisahau, akanisema mbele ya dereva na mfagizi. Sikutaka kusemwa tena, tena nikiwa na shavu lililovimba upande mmoja. Kwa hiyo nikavitia visahani kwenye mtungi wa kupoozea, kana kwamba vimetoka kwenye moto, nikampelekea.

Saa sita mchana nikasikia kiti kinaanguka chumbani kwake. Nikakimbia. Alikuwa amesimama mbele ya mashine, mkono mdomoni. Nukta tisini.

Mkuu alikuja akapiga makofi. "Nilisema. Leo leo tunatuma."

"Tunatuma nini?" Nukta akauliza. "Nimefanya nini leo ambacho jana sikukifanya?"

"Umepata, dada. Si ndiyo tulichokuwa tunatafuta?"

"Kupata bila kujua umepataje ni kuokota," akasema. "Cha kuokota kina mwenyewe." Akaomba arudie. Nikaandaa tena jioni, safari hii kwa uangalifu wa mtu mwenye hatia: nikawasha oveni mapema, nikahakikisha nyuzi, nikavilaza visahani kama watoto. Asubuhi akapima. Nukta hamsini.

Nadhani angepata hamsini mara tatu mfululizo angelala usingizi. Kosa lililonyooka unaweza kulizoea. Hili la tisini lililokuja mara moja na kutoweka lilimtia wazimu. Aliandika kwenye daftari kila kitu cha siku ile: saa aliyofika, nani alifungua dirisha, kama mvua ilinyesha, alikunywa chai au maji, alivaa glovu za boksi gani. Alimwuliza mfagizi alitumia sabuni gani kwenye sakafu. Alimwuliza dereva kama aliwasha gari chini ya dirisha. Watu wakaanza kumkwepa koridoni. Mume wake alinipigia simu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kazini kuna mtu amemwudhi, maana nyumbani anapika chakula na kusahau kukipakua.

Na mimi akaniuliza. "Jioni ile uliandaa kama kawaida?"

"Kama kawaida, dada."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ilinipeleka siku kumi. Naomba nieleweke. Sikuficha ili kumharibia. Kichwani mwangu kulikuwa na hesabu moja rahisi: mimi nilikosea, na jibu likatoka sahihi, kosa haliwezi kuzaa usahihi, kwa hiyo kosa langu halihusiki. Niliirudia hesabu hiyo kila jioni nikifunga mlango wa oveni, na kila jioni ilionekana ina akili.

Kilichonivunja ni siku nilipompelekea barua za kusaini nikamkuta amekaa na kalamu mbele ya karatasi iliyoandikwa mistari mitatu. Ilikuwa barua kwa Mkuu. Alikuwa akiomba zebaki apewe mtu mwingine, na yeye abaki kuosha vyombo na kupima maji ya bomba.

"Ni mkono wangu, karani," akasema. "Nimezeeka na sikujua. Mtu hajui siku mkono wake unapoanza kumdanganya." Akavua miwani, na nikaona amelia, si leo tu. "Kila nikilala naona watoto wa Mama Pacha wamekaa chini kwenye ule udongo. Sijui kama ni sawa au si sawa. Sijui. Kazi yangu ilikuwa kujua."

Nikaketi bila kuombwa. "Dada, siku ile ya tisini nilikuwa na jino."

"Nakumbuka."

"Sikuvitia visahani kwenye oveni. Vililala kwenye rafu. Asubuhi nikavitia mtungini, na ulipouliza nikakudanganya."

Nilingoja ghadhabu. Haikuja. Aliniangalia kama vile nimesema kwa lugha nyingine na yeye anaitafsiri neno kwa neno. Kisha akavuta ile karatasi ya hatua kumi na nne, akaanza kupitisha kidole kutoka juu. Hatua ya kwanza ilikuwa na maneno mawili: Andaa sampuli. Ya pili ilikuwa tayari ni kupima uzito. Akapitisha kidole mara ya pili, polepole.

"Oveni haipo," akasema. "Oveni iko wapi humu?"

Haikuwemo. Kila mtu kwetu anajua udongo unalala oveni, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuiandika. Mratibu na wenzake wawili walisoma hatua zetu zote na hawakuona kosa kwa sababu kosa lilikuwa kwenye ukuta nyuma ya meza yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na sisi tulikuwa tumekitundika.

Akanieleza hapo hapo, huku akisimama na kukaa. Risasi na zinki ukizikausha zinabaki pale pale, maji ndiyo yanayoondoka. Zebaki si hivyo. Zebaki ni metali inayopaa kwa joto. Ukiulaza udongo wake usiku kucha kwenye nyuzi mia na tano, unayemkuta asubuhi ni nusu ya uliyemlaza. Kanuni ya oveni aliiweka miaka ile tulipokuwa tunapima risasi na zinki tu, na ilikuwa kanuni nzuri. Mashine ya zebaki ilipokuja, zebaki nayo ikaingia kwenye oveni pamoja na wenzake, na hakuna aliyeiuliza.

"Lakini maelekezo ya mratibu yanasema majibu yatolewe kwa uzito mkavu," nikasema. Hilo nililikumbuka kwa sababu nililichapa.

"Ndiyo. Wenzetu wanachukua kijiko kidogo cha pembeni, wanakikausha hicho, wanajua maji ni kiasi gani, halafu wanapiga hesabu. Kile cha zebaki hawakigusi na moto. Mimi niliposoma uzito mkavu nikaona oveni. Sikufikiri hata kidogo."

Jioni ile niliandaa visahani sita. Vitatu vikalala oveni, vitatu kwenye rafu. Asubuhi vya oveni vilitoa nukta hamsini na vya rafu nukta tisini na moja. Akarudia siku mbili mfululizo, na kila mara ikawa vile vile. Akamwandikia mratibu barua ndefu isiyojitetea. Mratibu alijibu kwamba naye hakuwahi kufikiria kuuliza, na kwamba mwaka ujao kwenye fomu kutakuwa na swali kama sampuli imewahi kupashwa moto. Akaongeza kwamba amewauliza wengine, na maabara mbili zilizokuwa chini chini kidogo zimekiri zinakausha kwa joto la wastani. Mkuu akanunua soda kwa jengo zima. Mimi nilipewa karipio la maandishi na soda, siku moja.

Nukta hakunywa soda. Alikuja mapokezi akaniambia, "Nipe kopo la mdogo wangu."

Sampuli zetu tunazihifadhi miaka mitano kwenye stoo ya nyuma. Kopo la maziwa ya unga lilikuwepo, na namba yangu juu yake. Akalifungua mwenyewe, akapima bila oveni. Moja nukta thelathini na mbili. Akapima tena. Ile ile. Nikamwambia basi, tumejua, twende. Akakataa.

"Miaka minne nimemwambia jambo kwa mkono huu. Siendi kumwambia jingine kwa mkono huu huu peke yake."

Akagawanya udongo uliobaki, nusu akaufunga vizuri nikautuma kwa Maabara Namba Nne, ng'ambo ya mpaka. Mratibu ndiye aliyewaunganisha. Kule kuna mpimaji ambaye Nukta hajawahi kumwona, hajui hata kama ni mwanamume au mwanamke, kwa sababu anasaini kwa herufi mbili tu. Hakumwambia sisi tumepata ngapi. Alimwomba tu apime. Halafu akampigia simu mdogo wake.

"Watoto wacheze ndani wiki hii."

Nilikuwa karibu, nikasikia Mama Pacha akicheka. "Ndani wapi, dada? Sitini na wawili? Wataezua bati."

"Wacheze ndani. Nitakuja nikueleze."

"Kuna nini?"

"Bado sijui vizuri," Nukta akasema, na hilo halikuwa uongo, lakini alilitamka kama mtu anayetema mbegu chungu.

Jibu la Namba Nne lilichukua siku tisa. Katika siku hizo alikuwa anakuja kazini, anapima maji ya watu, anarudi, na ukimsalimia anajibu salamu ya mtu mwingine. Siku ya tisa nikachapa barua. Moja nukta thelathini na tano. Nchi mbili, mashine mbili, mikono isiyojuana, na jibu moja. Ndicho tulichokuwa tunakitafuta miaka yote, na sijawahi kuchukia makubaliano kama nilivyoyachukia yale.

Tulikwenda wote wawili, saa tano asubuhi. Aliniambia nibaki ofisini, nikamwambia jino langu linahusika. Shule ina uzio wa matofali uliochorwa wanyama, uwanja wa udongo mwekundu uliopigwa ufagio vizuri, na bembea mbili zilizosimama bila mtu. Kelele zote zilikuwa ndani. Mama Pacha alitupokea kwa tabasamu, akatuketisha ofisini chini ya ile fremu.

Nukta alimweleza kila kitu kuanzia mwanzo: chupa, vitone, oveni, kopo, Namba Nne. Hakuficha kitu wala kutafuta neno laini. Mimi nilieleza sehemu yangu. Mama Pacha alisikiliza mikono ikiwa mapajani, akawa anamtazama dada yake, kisha fremu, kisha dada yake.

"Sasa wataumwa?" akauliza.

"Sijui. Si kiwango cha kuangusha mtoto leo. Lakini kimepita kikomo, na wako chini hapo kila siku, wanatia mikono mdomoni. Lazima wapimwe, na uwanja ufungwe mpaka udongo wa juu uondolewe."

"Na hiki cha leo? Mwaka ujao hutakuja kuniambia kwamba nacho mlikosea?"

Nilidhani Nukta atasema kuhusu nchi mbili na jibu moja. Akasema, "Naweza kukosea tena. Ndiyo maana safari hii nimemwuliza mwingine."

Mama Pacha akasimama. Akapanda kwenye kiti chake, akaishusha ile fremu, akampa dada yake mkononi. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi wazazi sikuwaambia udongo ni salama. Mimi sijui udongo. Niliwaambia dada yangu ameupima. Saa sita wanakuja kuchukua watoto. Utasimama getini, utawaambia wewe."

"Sawa, mdogo wangu."

Akatoka na fremu kwapani. Nikamfuata. Alisimama pembeni ya geti, kwenye jua, viatu vyake vya raba vimekanyaga ule udongo, na nikaona anautazama kama kitu asichowahi kukiona. Mzazi wa kwanza alifika kabla ya saa sita kamili, mama mmoja kijana mwenye kitenge cha kubebea mgongoni, kitupu, tayari kwa mtoto. Akatusalimia, akauliza mwalimu yuko wapi.

"Mwalimu yuko ndani," Nukta akasema. "Mimi ni dada yake. Mimi ndiye niliyepima udongo huu, na nilipima vibaya."

Yule mama hakuelewa. Alimtazama Nukta, akatazama uwanja, akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa nimevaa koti jeupe. "Na wewe ni daktari?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekuwa naukausha."